Kitanda Kilichokatwa Kikawa Benchi

Siku tuliyomzika Rasoa, viti vya kukodi havikutosha. Hema zilijaa, watu wakabaki wamesimama juani kando ya migomba, na vijana wakaanza kuingia nyumbani mwangu kutoa chochote kinachoweza kukaliwa: stuli za jikoni, makochi, hata ndoo za rangi walizozipindua. Mmoja akatoka na kile kitanda kidogo cha mvule kinachokaa chumba cha wajukuu, akakiweka mbele ya wazee waliotoka Ndalu. Kabla mzee wa kwanza hajakunja goti, nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Hicho rudisha ndani!" Watu wakageuka. Mwanamke wa umri wangu, mwenye kufiwa na mulamwa wake, dada ya mume wake, hategemewi kupiga kelele kwa sababu ya kitanda. Yule mzee alitabasamu kwa upole akasema, "Mama, si ni mbao tu?" Neno hilohilo niliwahi kulisema mimi katika boma hili, nikiwa bibi mgeni, na nililila kama ugali wa jana kwa miezi mingi.

Habari za nilikozaliwa na walionilea nitaziacha. Mungu anazijua na inatosha. Nianze na chumba. Kilikuwa Kitale, nyuma ya msikiti, chumba kimoja chenye dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Tuliishi humo wawili, mimi na mume wangu Wanyonyi, na jiko la makaa, na mkeka. Nilikuwa nimetoka chuo cha Biblia nikiwa na vyeti vya kufundisha watoto wa kanisa, naye alikuwa karani katika ghala la mahindi. Mwanzoni mwa mwaka ule vitu vya nyumba moja ya shamba kubwa upande wa Kachibora vilipigwa mnada, na jioni Wanyonyi akarudi nyuma ya trekta akiwa amekalia kitanda. Kilikuwa kipana kama uwanja. Kilikuwa kimepakwa rangi ya mafuta ya kijani, tabaka juu ya tabaka, hata michongo ya ubao wa kichwani ilizibwa usijue kama ni maua au nyuso za watu. Jirani mmoja alikizunguka akasema kimelaliwa na kunguni wengi kuliko wanadamu, na hakukosea. Tulimwaga maji ya moto katika kila kiungo, kisha mafuta ya taa, tukakiacha juani mpaka harufu ikapungua. Mzee Salim, aliyekuwa akitengeneza viti vibovu kando ya msikiti, aliniazima patasi na msasa, akanionyesha kukwangua rangi kwa kipande cha kioo kilichovunjika: unakishika kwa kitambaa, unakivuta kuja kwako, hukisukumi kamwe.

Nilikwangua kwa wiki nyingi. Nilipenda kazi ile kuliko nilivyomwambia mtu. Unakwangua kijani, unakuta nyeupe. Unakwangua nyeupe, unakuta kahawia. Halafu asubuhi moja mbao yenyewe inakutazama, mvule wenye rangi ya chai nzito, na unajua ilikuwa pale muda wote ikivumilia. Michongo iligeuka kuwa majani ya mzabibu na vishada vyake. Kishada cha katikati kilikuwa kimevunjika, nami nikakijaza kwa unga wa mbao uliokorogwa na gundi, nikakipaka rangi ya viatu ili kifanane na vingine. Hakikufanana. Kilitoka kama sikio la mtu. Rasoa alipotutembelea Pasaka, aliliona sikio lile kabla hajaweka mfuko chini. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kitanda chenu kina sikio," alisema. "Kinasikia mambo yenu yote. Siku moja kitasema."

Baada ya Pasaka Wanyonyi alihamishiwa Bungoma mjini, na kwa kuwa baba yake alikuwa ameshafariki na mama alikuwa peke yake na Rasoa, ikabidi nyumba yetu iwe bomani kwao, upande wa Sirisia. Yeye angekuwa akienda kazini Jumatatu na kurudi Jumamosi. Tulihama na kitanda na mimba changa ambayo hatukuwa tumeitangaza. Nyumba ilikuwa ya udongo na mabati, safi, sakafu imesiribwa vizuri, lakini mlango wa chumba cha kulala ulikuwa mwembamba na chumba chenyewe hakikuwa na nafasi ya kitanda kile hata kama kingepita juu ya paa. Kikakaa nje chini ya turubai wakati sisi tunalala kwenye kitanda cha kamba. Siku moja Wanyonyi akiwa kazini nikachukua msumeno. Ubao wa kichwani nikaufanya mgongo wa benchi, ubao wa miguuni nikaukata ukawa mikono, mbavu zikawa pa kukalia. Nilipiga randa, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Nikashona mto mrefu wa kukalia, na mgongoni nikatandika vitambaa nilivyofuma mwenyewe, vyeupe, kwa sababu nyumba isiyo na vitambaa siku zile haikuhesabiwa kuwa na mwanamke. Vikafunika mizabibu yote. Nafikiri wasomaji wangu watataka kujua kama nilificha kwa makusudi. Nilitandika vitambaa jinsi kila mtu alivyotandika vitambaa. Hilo ndilo jibu langu, na nimelitoa mbele ya Mungu mara nyingi.

Mama ya Wanyonyi tulimwita sote Mayi, yaani mama. Chuoni tulikuwa tumesoma habari za mke mmoja wa kale aliyeambatana na mama mkwe wake mpaka ugenini, nami nikaenda Sirisia nikidhani mama wakwe wote wameumbwa kwa udongo ule. Mayi alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa hakimu wa wanawake wa kijiji. Mambo ya mahari na mipaka yalipita kwake kabla ya kufika kwa wazee. Mimi nilikuwa mtoto wa mji, Kibukusu changu kilikuwa cha kuokoteza, na yeye akalitumia hilo. Alinisemesha Kiswahili, kama anavyosemeshwa mtu aliyekuja kuuza sabuni. Hakuniita kwa jina. Aliniita "mtu wa Kitale." "Huyu mtu wa Kitale anaweka nyanya kwa mboga." "Muulize mtu wa Kitale kama kwao watu huamka." Habari kwamba nimeshika msumeno ilimfikia kabla vumbi halijatua. "Kijana yangu ameoa fundi," aliwaambia wanawake waliokuwa wakipalilia naye. "Labda kijana ndiye atazaa." Wakacheka, nami nilikuwa nyuma ya mahindi na jembe langu, nikaendelea kupalilia.

Zamu yangu ya kupokea ushirika wa akina mama ilipofika, nilipika tangu alfajiri. Kulikuwa na chai ya maziwa, mandazi, viazi vitamu na nduma. Wanawake wakaingia wakivua viatu mlangoni, wakaniambia nyumba ni nzuri, na lile benchi wakaliachia Mayi kwa heshima, katikati. Akakaa. Akaegemea. Akapapasa mkono wa benchi kwa kiganja, kwenda na kurudi, kama mtu anayepima ng'ombe. "Hii kiti ni nzuri," akasema mbele ya wote. "Inashika mgongo." Lilikuwa neno lake la kwanza jema kwangu. Tuliimba. Tukaomba. Tukaanza chai. Rasoa, aliyekuwa amechelewa akifunga ndama, akaingia na chupa nyingine ya chai, akainama nyuma ya mama yake ili ammiminie, na kitambaa kimojawapo kikateleza.

"Woi!" akasema Rasoa. "Si hii ni ile sikio?"

"Sikio gani?" akauliza mke wa jirani.

"Sikio ya kitanda! Ile ya Kitale! Mayi, umekalia kitanda ya Wanyonyi!"

Kwetu, mama haingii chumba anacholala mwanawe aliyeoa, wala hakalii kitanda chake. Ni kama kumwona uchi, au yeye kuonwa. Nilikuwa najua hivyo. Hata Kitale tulijua. Lakini niliamini kitanda kikishakatwa kimekufa, na kilichobaki ni benchi. Nikasema, kwa sauti iliyotoka nyembamba, "Mayi, si ni mbao tu?" Hakuna aliyenitazama. Mayi hakuruka wala hakupiga kelele. Aliweka kikombe sakafuni, akainuka polepole kama mtu anayejitoa kwenye tope, akaikung'uta leso yake, upande huu na upande huu, akatoka. Wanawake wakamfuata mmoja mmoja. Mmoja alirudi kuchukua andazi lake. Kutoka uani nikamsikia Mayi akisema, kwa Kiswahili ili nisikose hata neno, "Mimi ni mjane. Leo nimevuliwa nguo mbele ya kanisa, na aliyenivua amenipikia chai kwanza."

Katika miezi iliyofuata nilijifunza kwamba uadui nao una adabu zake. Mayi hakunitukana hata siku moja Wanyonyi akiwepo. Asubuhi alipita mbele ya mlango wangu akasalimia kuku: "Mmeamka? Mmelala vizuri? Haya." Kisha akapita. Nilimpelekea chai kila siku kama inavyompasa mke, na kila jioni chupa ilirudi imejaa, kifuniko kikiwa kimekazwa vilevile nilivyokikaza, baridi. Nilimpelekea kunde, zikarudi. Nilimpelekea kuku siku ya sikukuu, nikamwona mbwa akimla kwa taratibu nyuma ya zizi, kila kipande. Ushirika ukahamia nyumba nyingine bila mtu kuniambia. Watoto wa jirani waliokuwa wakija kusikia hadithi za manabii na wafalme wakaitwa nyumbani kwa majina yao, kwa sauti kubwa. Halafu neno likaanza kutembea, na neno hilo ndilo lililoniuma kuliko mengine yote: kwamba sikukosea, bali nilitega. Kwamba mtu wa Kitale alimkalisha mama mkwe kwenye mwiko ili mama adhoofike, boma libaki lake. Mayi alishikwa na kifua mwezi ule, kama alivyoshikwa kila msimu wa baridi, na kila alipokohoa watu walitazama mlango wangu.

Mchungaji alikuja kutupatanisha. Alikuwa mtu mwembamba mwenye viatu vilivyong'aa hata wakati wa mvua. Alisimama katikati ya chumba.

"Dada Selina, ni hili?"

"Ni hili, mchungaji. Karibu ukae."

Akalitazama. "Kwa Bwana, vitu vyote ni safi."

"Amina. Karibu ukae."

"Miko ni ya wanadamu."

"Amina, mchungaji."

"Ila leo mgongo unanisumbua," akasema. "Nikikaa nitashindwa kuinuka." Akaomba amesimama, akanywa chai amesimama, akala viazi vitamu amesimama, kisha akaenda kwa Mayi, na huko, kupitia dirishani, nilimwona akikaa vizuri kabisa kwenye stuli. Namshukuru hata hivyo. Alikuwa mtu pekee aliyekunywa chai yangu mwezi ule.

Wanyonyi alikuwa mtu mpole, na mtu mpole akiwa kati ya wanawake wawili huwa kama kamba ya ng'ombe, kila upande unavuta. Jumamosi moja alikuja na mafuta ya taa.

"Selina, tuichome. Ni jioni moja tu, iishe."

"Ukiichoma utakuwa umetangaza kwamba nilimtega mama yako. Mtu hachomi kitu kisicho na hatia."

"Sasa wewe unataka nini? Mama akufe?"

"Nataka aingie kwa mlango ule."

"Mama hataingia kwa nyumba yenye hiyo kitu. Amesema. Na huyo mtoto akizaliwa, nani atamuita jina? Hiyo mbao?"

Hapo ndipo aliponishika, na alijua. Kwetu mtoto mchanga anapolia bila sababu, nyanya yake humpakata na kutaja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka mtoto anyamaze. Jina analonyamazia ndilo lake, na kwa jina hilo anakuwa wa boma. Mayi alikuwa ameapa mbele ya Rasoa kwamba mtoto wa nyumba yangu atalia mpaka achoke. Nilijua mtoto anaweza kubatizwa na kupewa jina zuri la kanisa. Lakini nilijua pia nini kingefuata: mtoto asiyeitwa na nyanya yake angekua kama mimi, akisemeshwa Kiswahili mlangoni. Nikamwambia Wanyonyi aipeleke ile chupa ya mafuta jikoni, taa zilikuwa zinaihitaji.

Tulipokuwa vikongwe mimi na Rasoa, mwaka huu huu, nikiwa nimekaa kando ya godoro lake la ugonjwa nikimlisha uji, nilimuuliza kwa nini alipayuka siku ile. Alikuwa ameolewa, akarudishwa, na hakuolewa tena. Alimeza uji, akafikiri. "Ilikuwa tamu," akasema. "Kabla uje, yote ilikuwa yangu. Ugali mbichi ni mimi, ng'ombe amekonda ni mimi, mvua imechelewa ni mimi. Nikaona sikio, nikasema leo Mayi amepata mtu mwingine." Kisha akafungua mdomo kwa kijiko kingine. Hakuomba msamaha na sikuudai. Nilimfuta kidevu. Mwaka ule lakini sikujua hayo, na kama ningeyajua sidhani kama ningempenda zaidi.

Msimu wa kuvuna maharagwe, mimba ikiwa imeshanifanya nitembee kama bata, nilipita nyuma ya jiko la Mayi na ndoo ya maji. Ukuta ulikuwa umeachia udongo sehemu moja, na sauti zilitoka kama kupitia kinywa. Walikuwa wakipukuchua maharagwe, yeye na Rasoa, wakisema Kibukusu. Na kufikia wakati ule, kwa sababu mtu asiyesemeshwa husikiliza sana, nilikielewa kuliko walivyodhani.

"Si umwambie akichome tu," Rasoa alisema.

"Akikichoma nitakuwa nimekikalia mpaka kaburini. Nani atakitoa chini yangu? Majivu?"

"Sasa unataka afanye nini?"

"Kitanda si kosa. Kila mtu ana kitanda. Angekiacha kitanda, ningekiona ni kitanda, ningepita mbali nacho. Lakini amekikata, amekivalisha nguo nyeupe kama bibi arusi, akaniambia karibu Mayi. Hata nyoka hukubali kuitwa nyoka."

"Lakini ulikisifu."

"Nyamaza! Yeye alifunika, wewe ukafunua. Nina maadui wawili bomani, na mmoja nimemzaa mwenyewe. Pukuchua maharagwe."

Nilisimama pale mpaka mpini wa ndoo ukaacha alama kiganjani. Miezi yote ile nilikuwa nikitetea benchi, na Mayi hakuwa na ugomvi na benchi wala na kitanda. Ugomvi wake ulikuwa na vitambaa. Mtu mwenye kuhukumu mipaka maisha yake yote alikuwa amevushwa mpaka huku amefungwa macho. Nikaenda nyumbani, nikaweka maji chini, nikalitazama lile benchi ambalo hakuna aliyelikalia tangu siku ile, hata mimi. Siwezi kusema nilikuwa na mpango. Nilijua tu kwamba lilitakiwa kurudi kuwa kitanda, na kitanda ni lazima kiwe cha mtu.

Nikachukua bisibisi. Nililifungua uani, mchana, mahali kila mpita njia angeniona. Mto nikauchana, nikatoa pamba nikaifanya kigodoro. Ubao wa mizabibu nikaukata pande zote mbili, nikaacha katikati, penye kishada kile kilichojazwa vibaya, nao ukarudi kuwa ubao wa kichwani, mdogo. Mikono ikarudi kuwa ubao wa miguuni. Kila tundu la skrubu la zamani nilijaza kwa unga wa mbao na gundi, na safari hii sikupaka rangi ya viatu juu yake. Yakabaki meupe, madoa madoa, kila mtu aone wapi palikuwa na nini. Tumbo lilinizuia kuinama, nikapiga msasa nikiwa nimekaa chini, miguu imenyooka. Rasoa akaja mpaka ukingo wa ua, asivuke.

"Fundi! Sasa inakuwa nini? Jeneza?"

"Kitanda."

"Ya nani?"

"Ya mwenye kulala."

Alisubiri nicheke, sikucheka. Akageuka kwenda kwa mama yake, mbio kidogo, na sikumzuia. Nilitaka afike.

Mtoto alizaliwa hospitali mjini, msichana, na tuliporudi naye alianza kulia. Alinyonya akalia, alioshwa akalia, alipakwa mafuta akalia. Wanyonyi alimbeba huku na huku akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya kuomba radhi. Kilio kikavuka ua, kikapita kwenye zizi, kikaingia kwa Mayi, na Mayi hakutoka. Jirani akaja kuchungulia akaenda. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutojali jina lolote. Nikamlaza kwenye kitanda chake, nikafungua mlango ili hewa iingie, nikakaa kwenye mkeka kando yake. Jua lilikuwa la mchana. Kivuli kikaanguka kizingitini.

Mayi alikuwa amejifunga leso kiunoni kama mtu anayekuja kwenye kesi. Rasoa alikuwa nyuma yake, shingo imenyooshwa.

"Huyu ni mtoto ya nani, analia hivi?"

"Wa Wanyonyi, Mayi. Karibu ndani."

"Wewe nyamaza. Sijakuja kwako."

Akaangalia ukuta ambao benchi lilikuwa limeegemea, ukuta mtupu, wenye mchirizi wa vanishi. Kisha akaangalia chini.

"Hii ni nini?"

"Kitanda, Mayi."

"Naona ni kitanda. Hata sikio yake naona. Ni kitanda ya nani?"

"Ya mtoto."

"Leo ni ya mtoto. Na zamani?"

Mtoto alilia.

"Nakuuliza, mtu wa Kitale. Hii mimba ulipatia wapi?"

Wanyonyi, aliyekuwa kwenye mlango wa chumba, alirudi ndani kama aliyeitwa na mtu. Uso wangu uliwaka. Mama mkwe haulizi jambo kama hilo, na mke halijibu.

"Kitale, Mayi."

"Juu ya hii mbao?"

"Ndiyo, Mayi."

"Basi huyu alikuwa kwa hiyo kitanda kabla wewe ujue msumeno inashikwa aje. Ni yake. Ilikuwa yake tangu Kitale. Nyinyi wawili mlikuwa wageni tu." Akamgeukia Rasoa, kama hakimu anavyomgeukia karani. "Umesikia? Mimi sikukalia kitanda ya Wanyonyi. Nilikalia kitanda ya mjukuu wangu, na nyanya na mjukuu hawana mwiko. Enda uwaambie hao wanawake wa kanisa. Na uwaambie na ile mdomo uliwaambia nayo ya kwanza."

Akavua viatu. Akavuka kizingiti. Hakunitazama. Alikaa kwenye ukingo wa kile kitanda kidogo, kikatoa mlio chini yake lakini kikashika, akampakata mtoto, na akaanza kutaja. Alimtaja shangazi yake, Nasambu, mtoto akalia. Akamtaja mama yake mzazi, Nelima, na sauti yake ikalainika alipolitaja jina hilo, alilitaja tena na tena, lakini mtoto alilia kama anayechomwa. Akapitia dada zake waliotangulia. Mwishowe, kwa kuwa desturi haimruhusu mtu kuruka jina, akasema kwa haraka, kama mtu anayevuka dimbwi, "Namalwa."

Mtoto akanyamaza.

"Aaa," Mayi akasema. "Hapana. Lia tena." Akamtikisa kidogo. Akajaribu Nelima, mtoto akalia. Akasema Namalwa, mtoto akanyamaza, akamtazama usoni. Rasoa, pale mlangoni, alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Namalwa alikuwa mama mkwe wa Mayi. "Huyo mama alinipimia chumvi kwa ncha ya kidole mpaka akakufa," Mayi akamwambia mtoto. "Alinilaza kwa jiko nikiwa na mimba. Aliniita mtu wa ng'ambo ya mto. Na nilimzika nikasema asante Mungu. Sasa umerudi? Umepitia kwa huyu wa Kitale ili nikubebe?" Mtoto akapiga miayo, akalala. Mayi akabaki amempakata muda mrefu, akilitazama lile sikio la mbao karibu na bega lake.

Nilimletea chai. Niliiweka karibu naye, nikarudi mkekani, na sikusema karibu. Alikunywa. Akakunja uso. "Mama Namalwa," akasema, "hii chai umepika na maziwa ama na mvua?"

Miaka yote aliyobakiza duniani hakuniita tena mtu wa Kitale, wala hatukuwa marafiki. Aliniita Mama Namalwa, na kila mara alipolitamka jina lile alinyamaza kidogo kwanza, kama mtu anayemeza dawa chungu aliyoandikiwa na daktari. Mimi niliitika upesi, kabla hajalimeza lote, nikamshukuru Mungu, nikaongeza maziwa.